Mwenda kwa Miguu Naye Apewe Barabara Yake

Atokaye Morogoro mjini akielekea Kisaki hupita Bigwa, kisha Kiroka, akiizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, na kabla hajafika Matombo hukutana na Mkuyuni. Na asimame hapo kando ya njia saa kumi na mbili ya asubuhi, atazame. Ataona akina mama wakishuka kutoka vitongoji vya mlimani, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mkungu wa ndizi au kapu la machungwa kichwani. Ataona wanaume wakisukuma baiskeli zilizofungwa mafenesi na magunia, maana mteremko ni mkali na breki za baiskeli haziaminiki. Ataona watoto wa shule wakitembea ukingoni, wakirukia mtaroni kila wasikiapo honi. Na katikati ya watu hao ataona pikipiki moja yenye abiria wawili na dereva wao, na nyuma yake lori la ndizi liendalo Dar es Salaam. Katika umati huo wote, wenye vyombo vya moto ni wachache mno; walakini barabara yote ni yao.

Jambo hili twalileta leo mbele ya wanachama na wafanyakazi kwa sababu siku hizi Serikali yetu inazungumza habari mbili kubwa kana kwamba hazijuani. Ya kwanza ni usalama barabarani, nayo husikika zaidi ikitajwa pamoja na askari, leseni na faini. Ya pili ni usafiri usiochafua hewa, nayo hutajwa pamoja na treni za umeme, magari ya gesi na pikipiki za betri. Kila habari ina ofisi yake, ina semina zake, na ina siku yake ya kuvaa fulana. Maoni yetu ni kwamba kwa mtu wa Mkuyuni habari hizi ni moja tu. Chombo kisichotoa moshi hata chembe ni miguu ya mwanadamu, na cha pili ni baiskeli. Nao waendao kwa vyombo hivyo ndio wasio na bati wala mkanda wa kuwakinga linapotokea la kutokea. Serikali ikimlinda mwenda kwa miguu, itakuwa imeilinda hewa na imeulinda uhai kwa sarafu ile ile. Ikimwacha, hatakuwa na la kufanya ila kuweka akiba yake senti kwa senti mpaka naye apande pikipiki. Na siku hiyo tutakuwa tumeongeza moshi na makaburi kwa pamoja.

Barabara ya Bigwa hadi Mvuha, yapata kilomita 78, imo katika mipango ya Serikali ya kutiwa lami. Sisi hatumo katika kundi la wale wanaoibeza lami. Mtu asiyepata kuliona tope la Uluguru hana haki ya kusema juu ya jambo hili. Upande huu wa milima hupata mvua kwa karibu mwaka mzima, na yako maeneo ya juu yapatayo zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Masika yakishika, lori hukwama, ndizi huivia njiani, na mgonjwa hubebwa machela. Mlanguzi yeye huipenda sana barabara mbaya, kwa kuwa mkulima aliyezuiwa na tope, huku mananasi yake yakianza kunuka, hukubali bei yoyote anayotajiwa. Kwa hiyo lami na ije, tena ije upesi.

Lakini lami haiji peke yake. Huja pamoja na mwendo. Katika barabara ya vumbi, shimo ndilo askari. Dereva apendaye mbio huziogopa springi zake zisivunjike, hata kama hamwogopi Mungu wala Serikali. Siku mashimo yatakapofukiwa na kilomita 78 kulainika kama mkeka, askari yule atakuwa ameondolewa kazini bila ya kuwekwa mwingine mahali pake. Wale akina mama tuliowataja watakuwa pale pale, watoto pale pale, na baiskeli yenye mafenesi itakuwa pale pale. Kilichobadilika ni kwamba lori lililokuwa likija kwa kilomita 25 kwa saa litakuja kwa 80. Na hapo hesabu ya maumbile haina huruma. Mtu akigongwa na gari liendalo polepole kwa kilomita 30 mara nyingi huinuka akasimulia. Gari likiwa katika mwendo wa 80, wanaosimulia ni majirani.

Mkoa wa Morogoro hauhitaji kufundishwa somo hili kutoka mbali. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu wetu Edward Moringe Sokoine alikufa kwa ajali ya gari huko Dakawa, akitoka Dodoma baada ya kikao cha Bunge. Kama barabara yaweza kumnyang'anya Taifa Waziri Mkuu wake, aliyekuwa katika msafara wenye ulinzi, mchuuzi wa maembe ana kinga gani? Agosti 10, 2019, lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, karibu na kituo cha mabasi. Ilielezwa wakati ule kwamba dereva alijaribu kumkwepa mwenye pikipiki. Watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na wenzetu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wako waliotoa hukumu ya haraka kwamba marehemu walikuwa na tamaa. Sisi tuliona na tunaona hata leo kwamba umaskini unaomfanya mtu aikimbilie petroli na kidumu mkononi ni sehemu ya jambo hili hili la usafiri: tumejifunga kwa mafuta tunayoyanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, tunayasafirisha kwa malori katikati ya miji yetu, na thamani yake imekuwa kubwa machoni pa maskini kuliko hofu ya moto.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba yapata watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kiuaji kinachozidi barabara. Umri huo ndio umri wa mwanafunzi na wa kijana wa bodaboda. Ndio nguvu kazi ya nchi.

Je, hatuna sheria? Tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na inayazuia mabasi na malori yasivuke 80 mahali pengine. Mwenye pikipiki na abiria wake wanatakiwa kuvaa kofia ngumu. Tunayo pia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019, ambayo huyafuatilia mabasi ya mikoani kwa mitambo, na ndiyo iliyowezesha mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023. Yote ni mema. Lakini mtambo ule hauyahusu malori ya ndizi ya Mkuyuni, na askari mwenye tochi hawezi kusimama kila kona ya milima ile. Akisimama, madereva hupashana habari kwa taa kabla hawajamfikia. Humpita kwa adabu nyingi, wakaendelea na mbio zao mbele. Kwa hiyo mwendo wapaswa kuzuiwa na barabara yenyewe. Tuta halilali, haliendi likizo, wala haliombi chai.

Jambo hili si ndoto ya mwandishi. Morogoro mjini lilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1990 mji huo ulikuwa mmoja wa miji michache ya Afrika Mashariki, pamoja na Temeke ya Dar es Salaam, na Eldoret na Nairobi nchini Kenya, iliyochaguliwa kwa majaribio ya kuwatengenezea njia waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, chini ya mpango wa usafiri ulioongozwa na Benki ya Dunia. Vivuko viliinuliwa vikawa kama matuta mapana, ili gari lipande na mwenye miguu apite sawasawa. Njia za pembeni zilitengenezwa, na wananchi wenyewe walikaa katika kamati za kuchagua mahali panapofaa. Matokeo ya kazi ile yaliandikwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 2001, na wahandisi wa nchi nyingine wanakisoma. Ajabu yetu ni hii: fundi wa mbali anajifunza kwa Morogoro, na barabara itokayo Morogoro yenyewe inachorwa kana kwamba majaribio yale hayakupata kufanyika.

Baadaye, katika Dar es Salaam, shirika moja liitwalo Amend liliyachukua maeneo ya shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa mno, likayawekea vijia vya miguu, matuta, vivuko, alama na nguzo fupi za kuzuia magari. Hakuna daraja la chuma lililojengwa, wala taa za rangi tatu. Ni saruji na rangi tu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo kubwa ya kimataifa ya mambo ya miji, ikishinda miradi yenye fedha nyingi kuliko yake. Twauliza: shule zilizo kando ya barabara ya Kisaki zina kosa gani?

Wahandisi hujibu kwamba nafasi haipo na fedha haitoshi. Juu ya nafasi, tunawakumbusha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyoitenga hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande. Wananchi wanaijua sana sheria hiyo. Wameiona ikiandikwa kwa alama nyekundu ya msalaba juu ya kuta za nyumba zao. Mtu aliyebomolewa kibanda chake cha chai kwa jina la mita 30 atashangaa akiambiwa kwamba katika mita hizo hizo hapakupatikana mita 2 za mwanawe kutembea kwenda shule. Tunakiri kwamba ziko kona za mlimani ambapo jabali limesimama upande mmoja na korongo upande wa pili, nazo zitataka akili na gharama. Lakini Mkuyuni penyewe, Kiroka, na vituo vingine vya biashara vilivyo njiani havimo katika udhuru huo.

Juu ya fedha, kijia cha miguu kikichorwa pamoja na barabara, mtaro ni ule ule, kifusi ni kile kile, na mitambo iko pale pale. Kikikumbukwa baada ya miaka mitano, baada ya mazishi kadhaa na baada ya maswali Bungeni, kitakuwa mradi mpya wenye zabuni mpya. Nchi maskini haina anasa ya kujenga mara mbili.

Tena tusidhani kwamba barabara ni ile tu ipitayo gari. Kwa mtu wa mlimani, safari iliyo nyingi huishia kwenye barabara, haianzii hapo. Hutoka kitongojini kwa ujia mwembamba, huvuka kijito juu ya gogo, huteremka saa nzima au zaidi. Katika wilaya ya Makete, mradi wa usafiri vijijini ulioanza mwaka 1985 ulichunguza kwa makini jinsi wanavijiji wanavyosafiri, ukagundua jambo ambalo akina mama wangeweza kulisema bila uchunguzi: sehemu kubwa ya mizigo ya kijijini hubebwa na wanawake, kichwani, kwenda na kurudi mtoni, kuni, shambani na mashineni, mahali ambapo gari halijapata kukanyaga. Mradi ule ukatengeneza vijia, ukajenga vivuko vya mito, na ukaleta punda. Tangu mwaka 2017 tunao Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Jina lake lina neno vijijini. Basi na vijia vya miguu vihesabiwe katika orodha yake, vipewe ngazi za mawe penye utelezi na madaraja madogo penye vijito. Mawe yapo Uluguru tele, na nguvu za kujitolea hazijakwisha, mradi fundi aje na saruji ije. Ujia uliotengenezwa vizuri, wenye mifereji ya kupisha maji, pia hauwi mtaro wa kushushia udongo wa mlima ndani ya mto Ruvu. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaokunywa maji ya mto huo wana hisa yao katika njia hizi, ingawa hawajui.

Sasa tuje kwenye baiskeli. Wazee wa chama wanakumbuka jinsi katibu wa tawi alivyokuwa akizunguka vijiji kwa baiskeli, karani wa ushirika kwa baiskeli, na bwana shamba kwa baiskeli. Baiskeli za Swala zilitengenezwa hapa hapa nchini. Hata neno bodaboda, ambalo leo lamaanisha pikipiki, lilianza kwa baiskeli: huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walikuwa wakiwapakia wasafiri nyuma ya baiskeli kuwavusha kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Leo baiskeli imekuwa alama ya kushindwa maisha. Yuko kiongozi wa kijiji ambaye angeona haya kufika mkutanoni kwa baiskeli, lakini haoni haya kufika akiwa amechelewa kwa kungoja lifti. Twadhani haya hiyo imewekwa mahali pasipo pake.

Mwenye pikipiki naye asidhani kwamba tunamsakama. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoihalalisha pikipiki kuwa chombo cha biashara, maelfu ya vijana wamepata riziki ambayo hawakuipata ofisini wala shambani. Mkuyuni, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo teksi, ndiyo posta. Wanaowatukana vijana hawa kwa jumla yafaa kwanza waulize jinsi kazi yao ilivyopangwa. Wengi wao hawamiliki chombo. Mwenye mali huwapa pikipiki kwa mkataba, na kila jioni kijana hupeleka hesabu, mvua inyeshe au isinyeshe, abiria awepo au asiwepo. Aliyechelewa kutimiza hesabu hukimbia. Aliyekimbia akakosa, hubeba wawili au watatu, ile ambayo vijana wenyewe huiita mishikaki. Kofia ngumu ya pili huiacha nyumbani, kwa kuwa abiria hataki kuivaa na kuibeba ni usumbufu. Trafiki akimkamata, faini hutoka katika mfuko wake. Tajiri wake yuko mjini amekaa barazani. Mfanyakazi wa kiwandani analindwa na sheria za kazi juu ya saa zake na mashine yake. Huyu naye ni mfanyakazi, na mashine yake huua kuliko nyingi za viwandani. Mwisho wa safari yake twauona katika wodi za mifupa za hospitali zetu, vijana wa miaka 20 na kitu, mguu juu ya kamba.

Dawa yake si faini peke yake. Halmashauri zetu zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kusafisha utaratibu wake, ikaanza tena mwaka 2024. Vijana wa Mkuyuni wakiungana katika chama cha ushirika, wakakopeshwa, chombo kikawa chao, hesabu ya jioni ya tajiri itakufa, na pamoja nayo sababu moja kubwa ya mbio. Na kwa kuwa mkopo utanunua chombo kipya, ndipo penye mlango wa kuingiza pikipiki ya umeme badala ya ile ya petroli.

Tusidanganyane: pikipiki ya umeme ikimgonga mtoto humuua kama ya petroli, tena pengine hakuisikia ikija. Kwa hiyo hatuiiti dawa ya ajali. Tunaitaja kwa sababu ya uchumi wa nchi na mapafu ya watu. Tangu Januari 2025 Rwanda haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria katika Kigali. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya petroli mwaka 2024. Nchi hizo zimefanya hivyo kwa sababu ya fedha za kigeni zaidi kuliko kwa sababu ya kuipendeza dunia. Sisi tunayo hoja yenye nguvu kuliko yao. Tumejenga Bwawa la Julius Nyerere juu ya mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na njia hii ya Mkuyuni ni mojawapo ya njia za kuelekea huko. Umeme ni wetu, mto ni wetu, na fedha iliyojenga ni yetu. Kijana wa Mkuyuni kuendelea kununua petroli ya meli kwa chupa, huku umeme wa bwawa ukizaliwa upande ule ule wa mkoa wake, ni mambo ya kustaajabisha. Wazee hawajasahau miaka ile ya shida ya mafuta, gari binafsi lilipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Shida ile yaweza kurudi siku yoyote kwa vita isiyotuhusu.

Na jambo la mwisho ni reli. Watu wa Mkuyuni wamekaa katikati ya reli mbili pasipo kunufaika sana na hata moja. Nyuma yao, Morogoro, reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1907, na katika Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya mji huo na Dar es Salaam. Mbele yao, Kisaki, kuna stesheni ya TAZARA, reli tuliyojengewa kwa msaada wa Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976. Mwaka 2025 treni za mizigo nazo zilianza katika reli mpya ya umeme. Ndizi za Mkuyuni, pamoja na hayo, zinaendelea kwenda soko la Mabibo kwa lori, kilomita zipatazo 190 kutoka Morogoro, usiku kucha, dereva akipambana na usingizi kwa sababu bei nzuri ni ya alfajiri. Kila lori la namna hiyo likiondolewa katika barabara ya Morogoro na mzigo wake kupandishwa kwenye behewa, tumepunguza moshi, na tumemwondoa dereva mmoja mwenye usingizi mbele ya basi la abiria. Kinachohitajika ni ghala lenye kivuli kwenye stesheni ya Morogoro, behewa la matunda lenye ratiba isiyobadilika, na chama cha ushirika cha kukusanya mzigo. Shirika la Reli lisipolifanya hili, mkulima wa kawaida hawezi kulifanya peke yake. Atabaki akitazama treni ya kisasa ikipita na viti vyake vizuri, na ndizi zake zikienda kwa Fuso.

Tumekwisha kusema mengi juu ya yatakiwayo. Limebaki la namna ya kuyafanya, nalo si dogo. Milima hii ina historia. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wakate matuta ya ngazi katika miteremko yao, kwa hoja ya kuilinda ardhi. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, maana udongo ulikuwa ukishuka kweli. Lakini mwenye shamba hakuulizwa. Alipigwa faini, akalazimishwa, na mwaka 1955 hasira ikalipuka ikawa ghasia, na damu ikamwagika. Serikali yetu si ya kikoloni, lakini mhandisi ajaye na mchoro uliokwisha kupigwa mhuri, akaubandika ukutani kwa ofisi ya kata na kuondoka, anafanana na yule bwana kuliko apendavyo kudhani.

Twapendekeza basi kwamba kabla ya kipande cha Mkuyuni hakijamwagiwa kokoto, Wakala wa Barabara wa mkoa aite mkutano wa hadhara, na mchoro utandikwe mezani mbele ya watu. Wawepo akina mama wanaoshuka na ndizi, walimu wakuu, vijana wa pikipiki na wazee wa vitongoji. Waseme wao ni wapi watoto huvukia, ni wapi lori hukosa breki, ni mti gani ambao chini yake watu hungoja usafiri. Wanachama wa matawi ya kata hiyo wana wajibu wa kuudai mkutano huo, na wa kuandika majina ya mahali hapo moja moja, ili diwani ayapeleke katika baraza la halmashauri yakiwa na sahihi. Na mhandisi akubali kufika siku moja kabla, alale hapo hapo Mkuyuni, na saa kumi na mbili ya asubuhi atembee kwa miguu pamoja nao, bila gari lake, kutoka mlimani hadi barabarani.